Kitonga kwenye Karatasi

Swali lenyewe ni fupi. Basi limetoka Ruaha Mbuyuni linaelekea Iringa. Linakwenda kwenye tambarare, linapanda mlima Kitonga, likifika juu linaendelea na safari. Chora grafu ya kasi yake dhidi ya muda. Namba hazihitajiki, umbo tu.

Huwa nalitoa siku ya kwanza ya vipindi vya mazoezi vya mwaka wa kwanza, ambavyo sisi wanafunzi wa uzamili ndio tunaovisimamia. Hawa ni vijana waliofaulu fizikia kidato cha sita. Kukokotoa si shida yao. Waambie gari limeanza kutoka kwenye kusimama na kasi yake inaongezeka kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, watakupa umbali wa sekunde 10 kabla hujakaa. Lakini karatasi zinaporudi mezani, nyingi zina mlima. Mstari unalala, unapanda, unalala tena huko juu. Wapo wanaoweka na kona. Mmoja alichora hadi lori lililoharibika, na matawi ya miti yametandazwa barabarani nyuma yake kama tahadhari, na kwa kweli lori lile lilikuwa zuri kuliko grafu nyingi nilizosahihisha muhula ule.

Aliyewahi kupanda Kitonga ndani ya basi anajua kinachotokea. Chini ya mlima dereva anashusha gia, injini inaanza kukoroma, mbele kuna msururu wa malori yanayokwenda Tunduma, na aliyekaa kiti cha mbele anaweza kusoma maandishi yote ya nyuma ya lori, herufi kwa herufi, mara mbili. Kasi iliyokuwa 70 inakuwa 20, pengine 15. Inabaki hivyo mpaka juu. Kwa hiyo mstari wa kasi unashuka, unatambaa huko chini kwa muda mrefu, halafu unapanda tena basi linapopata tambarare. Kwenye karatasi, Kitonga ni bonde.

Nikilichora bonde hilo ubaoni darasa hunyamaza. Kisha mtu mmoja hucheka, kile kicheko cha mtu aliyeona kitu, na wengine huanza kumuuliza jirani yao kwa sauti ya chini amecheka nini.

Nimelitazama kosa hili muda mrefu mpaka nikaanza kuliheshimu. Si kosa la uzembe. Tangu chekechea tumefundishwa kwamba mchoro unafanana na kitu kilichochorwa: nyumba ina paa, mtu ana kichwa, mlima umechongoka. Grafu ni mchoro unaokataa kufanana. Mhimili wake wa chini si ardhi, ni muda. Basi likisimama Msamvu nusu saa ili abiria wachimbe dawa na kununua karanga, kwenye karatasi linaendelea kwenda kulia vilevile, kwa sababu kulia si Iringa. Kulia ni baadaye.

Na kosa hili halikuzaliwa kwetu. Mwaka 1987 Lillian McDermott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliandika kuhusu wanafunzi wao walioshindwa kuunganisha grafu na mwendo halisi. Ukiwaonyesha mistari miwili ya mahali dhidi ya muda inayokatana, ukawauliza ni wakati gani vitu hivyo viwili vina kasi sawa, wengi huonyesha pale mistari inapokatana. Pale vitu vimefika mahali pamoja tu. Kasi iko kwenye mlalo wa mstari, haiko kwenye kimo chake. Mwaka 1994 Robert Beichner alichapisha mtihani wa maswali 21 ya kuchagua, wote ukiwa wa kusoma grafu za mwendo. Waliofanya walikuwa wameshafundishwa mada hiyo, na wastani wao ulikuwa karibu asilimia 40. Wengi wao, bila shaka, walikuwa wakisoma kwa lugha wanayoongea nyumbani.

Nalitaja hili la mwisho kwa sababu kwetu kila tatizo la darasani hupewa maelezo mamoja: Kiingereza. Sisemi Kiingereza hakina lake. Mwanafunzi anaweza kulibeba neno gradienti miaka minne kama jina la mtaa ambao hajawahi kufika. Lakini Kiswahili nacho kina mitego yake. Gradienti tunaiita mteremko, hivyo mstari unaopanda una mteremko, tena mteremko chanya, na unaoteremka kweli ndio wenye mteremko hasi. Jaribu kulieleza hilo saa nane mchana. Halafu kuna kasi na mwendokasi. Katika vipindi vyangu, kasi ni ukubwa tu, ilhali mwendokasi una mwelekeo. Lakini Dar es Salaam tangu mwaka 2016 mwendokasi ni basi, unalipanda. Mwanafunzi mmoja aliniuliza inawezekanaje mwendokasi ukawa hasi. Nikamwambia tukihesabu Kimara kwenda Kivukoni kuwa chanya, afikirie linalorudi Kimara jioni.

"Hilo linakuwa limejaa," akasema.

Mwaka jana grafu ya aina hii ilifika nyumbani kwetu ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. Ilikuwa ya mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye ni dereva wa basi la Dar es Salaam kwenda Iringa. Kampuni anayofanyia kazi ilikuwa inasoma mwendo wa mabasi yake kwa kifaa kinachopokea mawimbi ya satelaiti, na sheria inasema basi la abiria lisizidi kilomita 80 kwa saa. Mjomba aliitwa ofisini, akawekewa karatasi mezani. Mstari ulikuwa umejaa vichuguu vidogo, na kimoja, kirefu kuliko vyote, kilikuwa kimezungushiwa kalamu nyekundu: 131. Meneja alimwambia, umeshuka Kitonga na 131, ndani una abiria 57, ulitaka kutuulia watu. Akakatwa sehemu ya mshahara na kuambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa.

Mjomba hakubisha. Ni mtu anayeweza kubishana na trafiki mwenye tochi mkononi mpaka trafiki akaona aibu, lakini pale hakubisha. "Nitabishana vipi na karatasi?" alimuuliza mama. Kisha akanigeukia mimi. "Mjomba, si ndiyo mambo yenu haya ya chuo? Nisomee hili dude linasema nini."

Nilianza na mhimili wa chini, kwa sababu ndipo ninapowalazimisha wanafunzi waanzie. Kichuguu kile kilikuwa saa 7 na dakika 7 mchana. Basi lake linaondoka Dar saa 12 asubuhi. Saa 7 mchana linakuwa limeshapita Mikumi na Ruaha Mbuyuni, linakaribia miguu ya Kitonga, na linakwenda Iringa. Siku ile mjomba hakushuka Kitonga. Aliipanda. Kuishuka ni asubuhi ya siku ya kurudi, na siku ya kurudi ilikuwa na karatasi yake nyingine ambayo haikuwa na kalamu nyekundu popote.

Sasa tazama meneja aliona nini. Mstari ulipanda hadi kileleni, kisha ukaporomoka, ukatua chini na kukaa chini muda mrefu. Mlima, na basi linalouporomoka. Kumbe lile poromoko ndipo mlima ulipoanza, na kile kipande kirefu cha chini ndiyo Kitonga yenyewe, gia namba mbili, nyuma ya malori. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa ya kasi tu, isiyo na mwelekeo, hakukuwa na chochote kwenye mstari wenyewe cha kumwambia basi linakwenda upande gani. Cha kumwambia kilikuwa saa, na saa hakuisoma. Meneja alikuwa amechora lori.

Ikabaki ile 131. Hiyo ilikuwepo kweli, na ukurasa wa pili ulikuwa na jedwali lake, kipimo kimoja kila sekunde 10. Kabla yake 58. Baada yake 55. Nilimwambia mjomba kwamba mlalo wa grafu ya kasi ndio mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, na kwamba mlalo wa kichuguu chake ulikuwa mkali mno. Kutoka 58 hadi 131 kwa sekunde 10 ni nyongeza ya mita 2 kwa sekunde, kila sekunde. Basi lililojaa, tuseme lina tani 16. Ukipiga hesabu ya nguvu ya kulisukuma hivyo katika kasi hiyo, unapata zaidi ya kilowati 800, na hapo hujahesabu upepo wala matairi. Injini ya basi la namna ile ni ya kilowati 250 hivi.

Mjomba alitazama namba hizo kwa muda. "Ningekuwa na basi la hivyo," akasema, "ningekuwa naitwa rubani."

Kulikuwa na ushahidi wa pili ndani ya jedwali lilelile, na huo ndio nilioupenda zaidi. Eneo lililo chini ya mstari wa kasi ni umbali uliosafiriwa. Nitalirudia hili, maana ndilo linalosumbua watu kuliko yote. Kwa zile sekunde 20 za kichuguu, eneo lilikuwa kama mita 520. Lakini jedwali lilikuwa na safu ya umbali pia, na safu hiyo ilisema basi limesogea mita 320. Hizo ni mita za basi linalokwenda na 57 bila wasiwasi. Kifaa kilikuwa kimeandika mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja, kwenye mstari mmoja wa jedwali, na hakuna aliyekuwa ameyasoma pamoja. Mawimbi ya satelaiti yakigonga mwamba au ukuta wa mlima kabla ya kufika kwenye kifaa, huchelewa, na kifaa huweza kudanganyika kwa nukta moja au mbili. Pale chini ya Kitonga miamba ipo ya kutosha.

Tuliandika barua ya kurasa mbili. Niliichora upya grafu kwa mkono, nikaandika juu ya bonde: HAPA BASI LINAPANDA. Mjomba aliipeleka mwenyewe, amevaa shati la kanisani. Hakujibiwa. Alichoambiwa mdomoni ni kwamba mfumo haukosei. Mwezi Desemba, abiria walipojaa stendi na madereva wakapungua, alipigiwa simu saa 4 usiku kwamba kesho alfajiri aingie barabarani, na akaingia. Fedha iliyokatwa haikurudi. Barua yangu anayo kwenye kisanduku cha mbele ya basi pamoja na leseni na dawa za tumbo.

Simlaumu meneja kwa kutojua fizikia. Hakuajiriwa kwa ajili hiyo. Kinachonikera ni kwamba watu wengi zaidi kila mwaka wanahukumiwa kwa mstari, madereva wa mabasi, wa malori, hata wa pikipiki wanaopeleka vifurushi, na mstari huo unasomwa kwa jicho lilelile tunalotazamia picha za ukutani. Wote waliokuwa ndani ya ofisi ile walipita sekondari. Wote, kwa namna moja au nyingine, waliwahi kuchora grafu ya mwendo kwenye daftari na kuwekewa alama ya vema.

Nilisema nitarudi kwenye eneo. Mlalo wanafunzi huukubali baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu ukali wa mstari na ukali wa mwendo vinashabihiana kidogo. Eneo ndilo linalowagomea. Eneo ni la shamba. Eneo linapimwa kwa mita za mraba na linagombaniwa na ndugu. Itakuwaje eneo la pembetatu kwenye karatasi ya grafu liwe mita za barabara? Wanakariri, wanapata alama, hawaamini. Na mimi ningekuwa wao nisingeamini pia kwa maelezo ya ubaoni peke yake.

Kwa hiyo nilikwenda maabara nikaomba kile kifaa cha kugonga nukta ambacho shule nyingi hukifungia kabatini. Ni kifaa cha kizamani: utepe wa karatasi unapita chini ya kinyundo, na kinyundo kinagonga mara 50 kwa sekunde, kwa mpigo uleule wa umeme wa majumbani. Utepe umefungwa kwenye kigari, kigari kinateremka kwenye ubao ulioinamishwa, nukta zinaanza zikiwa zimebanana kisha zinaachana. Tukakata utepe kila baada ya nafasi 10, yaani kila sehemu 0.2 ya sekunde. Vipande vikatoka vya urefu tofauti. Tukavibandika wima kwenye karatasi kubwa, kimoja baada ya kingine, kifupi, kirefu kidogo, kirefu zaidi, vikapanda kama ngazi.

Hiyo ni grafu ya kasi dhidi ya muda, na hakuna aliyeichora. Kila kipande ni umbali wa muda uleule, hivyo kirefu ndicho chenye kasi. Kisha nikawaambia wavibandue vyote na kuvipanga sakafuni kichwa kwa mkia. Urefu wake ukawa sawasawa na njia ya kigari kwenye ubao. Kijana aliyekuwa amepiga magoti sakafuni alinyanyua kichwa akasema, kumbe barabara imesimamishwa tu. Sijapata maelezo bora kuliko hayo, na nimeyaiba.

Nicole Oresme, padri na msomi wa Ufaransa wa karne ya 14, alifanya jambo la aina hiyo bila kigari wala umeme. Alichora mstari wa kulala kuwa muda, akasimamisha juu yake mistari ya wima, kila mmoja ukiwa kasi ya wakati wake, na akaonyesha kwamba umbo linalopatikana ndilo umbali. Galileo alipochapisha kitabu chake cha mwendo mwaka 1638 alitumia mchoro wa ukoo huohuo, isipokuwa muda aliuchora ukishuka kutoka juu kwenda chini. Huwa nawaonyesha wanafunzi mchoro huo wa Galileo na kuwaomba wausome. Wanageuza vichwa, wanageuza simu zao. Inawasaidia kujua kwamba muda kwenda kulia ni makubaliano, na mtu mwenye akili timamu aliwahi kuuteremsha.

Wamarekani wawili, Ronald Thornton na David Sokoloff, walieleza mwaka 1990 jinsi walivyotumia kifaa kilichounganishwa na kompyuta, kinachochora grafu papo hapo mwanafunzi anapotembea mbele yake. Sisi hatuna. Tuna korido ya mita 12 nje ya maabara, chaki, na saa za kwenye simu. Tunachora mita sakafuni kuanzia mlangoni, mmoja anahesabu sekunde kwa sauti, na anayetembea anapewa grafu ya mahali dhidi ya muda aitembee. Mstari ukilala, simama. Ukipanda, nenda mbali na mlango. Ukishuka, rudi. Mara ya kwanza mstari uliposhuka, kijana mmoja wa miraba minne aliinama huku akitembea, taratibu, mpaka akachuchumaa, na korido nzima ikakaa chini kwa kicheko. Mara ya tatu alirudi kinyumenyume bila kuinama.

Wiki iliyopita niliingiza grafu moja ya makusudi. Mstari ulilala kwenye mita 2 hadi sekunde ya 5, hapo ukapanda wima kabisa hadi mita 8, kisha ukalala tena. Nilimpa msichana ambaye huwa hasemi sana. Aliitazama, akaenda kusimama kwenye mita 2. Wenzake wakahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Hakuondoka.

"Nenda!" wakamwambia.

"Niende vipi? Hii inasema wakati mmoja niko hapa na niko kule."

Mwenzake mmoja akasema akimbie sana. Akatikisa kichwa, sana kiasi gani. Akanijia akaomba kalamu, akaiweka karatasi ukutani, akaulaza ule mstari wa wima kidogo tu, sekunde moja na nusu hivi kwa jicho langu. Akanirudishia kalamu.

"Sasa inatembeka," akasema, akarudi kwenye mita 2, akavua ndala akaziweka pembeni, na kuwaambia wahesabu upya.